Sauti, kumbukumbu, utenzi au riwaya: vita vya mzee wenu viwekwe wapi?

Iko siku ukoo utakaa, chai itamiminwa, na mtu mmoja atasema: "Mzee aandikiwe kitabu." Kwetu aliyesema ni kaka, mtoto wa baba mkubwa. Ilikuwa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tuko Mafinga tumelizunguka jiko la mkaa kwa sababu Julai ya Mafinga haina salamu. Baba mkubwa alikuwa amejifunika blanketi, anamenya karanga moja moja. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Andikeni, lakini mbuzi msimsahau."

Mbuzi huyo tunamjua wote. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakiwa yamekwisha kuingia Kagera na kuvunja daraja la Kyaka, baba mkubwa alikuwa askari kijana ambaye hajawahi kuona mto mkubwa kuliko Ruaha. Walivuka Mto Kagera usiku, wakaingia kijiji kilichohamwa. Uwanjani kwa mtu walimkuta mbuzi jike kafungwa mtini, kiwele kimejaa mpaka anatembea kwa kuchanua miguu. Baba mkubwa, mtu aliyechunga tangu hajang'oa meno ya utoto, akaibana bunduki mapajani, akageuza kofia ya chuma, akakamua. Afande akatokea nyuma: "Kuruta, umekuja vitani au umekuja kukamua?" Naye akajibu, "Afande, vyote." Hapo ndipo tunapocheka, miaka nenda rudi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, basi kazi ikanidondokea. Nimejaribu namna nne za kuisimulia vita hiyo, na nyingine mbili nimezichungulia nikazifunga. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mtu mwenye mzee kama wetu, awe Mafinga, Tukuyu, Njombe au Mbozi, ambaye hajui aanzie wapi. Watu huuliza ipi ni bora. Nimegundua ni afadhali kuuliza kila namna inapoteza nini, kisha uamue ni kipi ukoo wenu unaweza kukikosa bila kujuta.

Sauti

Hii ndiyo rahisi kuianza na ngumu kuimaliza. Simu unayo. Unachohitaji zaidi ni kitenge cha kukunja uiweke juu yake isipokee mtetemo wa meza, saa ambayo mvua haipigi mabati, na wajukuu wapelekwe dukani wakanunue kitu cha mbali.

Kosa langu la kwanza lilikuwa swali. Nilimuuliza, "Baba mkubwa, vita ilianzaje?" Akakaa wima, akaanza na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978: uwezo, sababu na nia. Alikwenda nayo vizuri kweli, mpaka sauti akaikaza kama Mwalimu. Lakini ile ni kumbukumbu ya redio. Anayo kila mtu wa umri wake, hata aliyekuwa analima mahindi Ismani siku hiyo. Wazee wengi waliopigana Kagera wataanza hapo, na ukiwaacha watamalizia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 bila ya wao wenyewe kuonekana popote njiani.

Siku ya pili nikauliza, "Mlikuwa mnakula nini?" Mlango ukafunguka. Nikapata saa mbili za ndizi mbichi, biskuti ngumu, viatu vilivyolowa visikauke, mtu aliyekuwa anakoroma mpaka platuni ikamhamishia mwisho wa handaki. Mengine aliyasema kwa Kihehe bila ya kujua kwamba amehama lugha. Uliza chakula, uliza viatu, uliza walilala wapi na nani alikuwa upande wa kushoto. "Uliogopa?" usiulize. Mtu wa huku hawezi kulijibu swali hilo mbele ya mtoto wa mdogo wake.

Nilipoketi kuandika yaliyomo kwenye rekodi, saa moja ya sauti ikinila jioni nne, ndipo nikasikia kitu ambacho miaka yote kicheko chetu kilikuwa kinakifunika. Hadithi ya mbuzi haiishii kwa afande. Baada ya "vyote", kwenye rekodi, baba mkubwa anasema: "Nikamfungua yule mbuzi. Nikafunga mlango." Kisha kimya. Nilikipima: sekunde kumi na moja. Inasikika kuku, inasikika bodaboda inapita, kisha anauliza kama chai imekwisha.

Mlango upi? Hakuna mlango katika hadithi ya mbuzi.

Hicho ndicho sauti inachokitunza kuliko namna nyingine yoyote: pale mtu anaponyamaza. Karatasi haijui kunyamaza. Ukiandika nukta tatu, msomaji anazipita kama mashimo ya barabarani.

Nchi hii ina deni kwa kazi ya namna hii. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia vijijini kukusanya simulizi za Majimaji kwa wazee waliokuwa watoto au vijana mwaka 1905. Vita hiyo iligusa mpaka Ubena, misheni ya Yakobi ikashambuliwa. Miaka 60 na ushee ilikuwa imepita, na bado yalipatikana mambo ambayo makaratasi ya Wajerumani hayakuwa nayo wala hayakutaka kuwa nayo. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Kagera leo anaikaribia 70, kama hajaivuka. Hesabu hiyo kila mtu aifanye mwenyewe.

Ila simulizi ya mdomo nayo ina choyo yake. Nenda Lugalo, pale kando ya barabara kuu penye mnara wa mapigano ya 17 Agosti 1891. Iringa nzima utasimuliwa jinsi Mkwawa alivyolimaliza jeshi la Zelewski, na hata jina la utani la yule Mjerumani lingalipo: Nyundo. Lakini wengi waliokufa upande wake hawakuwa Wajerumani. Walikuwa askari Waafrika, Wasudani na wengine waliochukuliwa kusini huko Msumbiji. Hao hakuna anayewasimulia, kwa sababu hawakuwa na mjukuu Uhehe. Mdomo hutunza wa kwao. Kama mnataka vita ya mzee wenu tu, sawa. Mkitaka na ya aliyekuwa upande wa pili wa bunduki yake, sauti ya ukoo haitawapa.

Na jambo la kawaida kabisa: faili hufa. Simu ikianguka chooni, mzee amekufa mara mbili. Sisi tumeweka kwenye memori kadi mbili na flashi moja, nyumba tatu tofauti. Halafu ukweli mwingine, hata baada ya jasho lote hilo, katika ukoo mzima ni watu wawili tu waliosikiliza mpaka mwisho. Mmoja ni mimi.

Kumbukumbu ya kuandikwa

Hiki ndicho kitabu alichokuwa anakisema kaka: "Nilizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani." Watu wengi wakisema kitabu wana maana hii, na si vibaya. Inasomeka. Ina mwanzo na mwisho. Mjukuu wa mjukuu ataishika mkononi, aone baba wa babu yake alikuwa wapi Masaka ilipoangushwa. Steshenari yoyote mjini Iringa au Mbeya watakuchapia nakala za ukoo na kukubaindi siku hiyohiyo, na kama mnataka kuuza, kuna namba ya kitabu ya kuomba Bodi ya Huduma za Maktaba na hakimiliki ya kusajili COSOTA.

Kazi yake kubwa ni kupanga. Mzee hakumbuki kwa kalenda. Anakumbuka kwa mvua na kwa vifo. Hapo tarehe zinazojulikana zinasaidia: kuingia Masaka na Mbarara Februari 1979, mapigano ya Lukaya Machi, Kampala Aprili, vita kumalizika mwanzoni mwa Juni. Unazisimika kama nguzo, yeye anajaza udongo. Akikwambia alikuwa Kampala Krismasi, usimbishie wala usimsahihishe kimyakimya. Andika alivyosema, na pembeni uandike tarehe inayojulikana. Krismasi hiyo ilikuwepo mahali fulani, na huenda ina maana kubwa kuliko Kampala yenyewe.

Sasa tazama kumbukumbu ilichomfanya mbuzi. Kaka aliandika mwenyewe sura ya kwanza, akaniletea kwa furaha:

"Baada ya kuvuka mto tulikuta makazi yaliyohamwa. Kulikuwa na mbuzi mmoja ambaye tulimkamua na maziwa yake yakatusaidia. Kisha tukaendelea na jukumu tulilopewa."

Hakuna uongo hapo. Lakini huyo anayezungumza ni nani? Ni ofisi. Mtu akishika kalamu kuandika habari za jeshi, Kiswahili chake kinavaa kombati na kusimama mguu sawa. "Jukumu tulilopewa"! Baba mkubwa hajawahi kusema neno hilo tangu azaliwe. Na mlango, bila shaka, haumo.

Kumbukumbu ina mtego mwingine, ule wa wenzake. Mzee akisema "fulani alikimbia" na wewe ukaandika jina, yule fulani ana watoto, pengine wako Songea au Musoma, na hawajui. Sisi tumebakiza cheo na mkoa tu. Pia askari alikula kiapo. Mambo ya mikakati na silaha yaacheni, hayana faida kwa mjukuu. Kama mnayemwandika bado yumo kazini, mfano kijana aliyerudi kulinda amani Darfur au Kongo, basi ama asubiri kustaafu au apitie kwa wakubwa wake kabla hamjachapa hata ukurasa.

Kwa kifupi kabisa kuhusu video, kwa sababu binamu mmoja aliing'ang'ania: tulijaribu. Baba mkubwa alipoona kamera alikwenda kuvaa koti, akarudi, akakaa kwenye stuli kama anapigwa picha ya kitambulisho. Dakika arobaini za hotuba. Sijui wenu yukoje, wetu video ilimgeuza kuwa mgeni rasmi.

Tamthilia nayo niliifikiria, maana shule yetu ina kikundi cha maigizo, na *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein imekwisha kuonyesha tangu 1969 kwamba jukwaa linaweza kuibeba vita ya huku kusini na kuuliza maswali mazito. Lakini tamthilia inataka watu wanaobishana. Ikiwa mzee wenu alibishana na kamanda, au alirudi nyumbani akabishana na mke, mna mchezo. Wetu alinyamaza tu. Nikaliweka kando.

Utenzi

Hapa nakiri upendeleo, maana ndiyo kazi yangu. Vita na utenzi ni marafiki wa zamani. Shaaban Robert, ambaye hakuwa askari, aliichukua Vita Kuu ya Pili yote, tangu Hitler mpaka mwisho, akaiandika *Utenzi wa Vita vya Uhuru*. Wakati huohuo vijana wa Tanganyika walikuwa keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wengine mpaka Burma. Hapo pana somo la kuchagua: utenzi hauhitaji mtu awe aliona. Unahitaji awe anajua bahari (aina ya shairi), kina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi). Mizani minane kila kipande, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinafungwa na kina cha utenzi mzima. Ukiushika mwendo huo, hata shangazi asiyejua kusoma atakariri beti kumi kabla ya ubwabwa kuiva. Kwa kusikilizwa na watu wengi, msibani, harusini, Siku ya Mashujaa, hakuna kinachoushinda. Kumbukumbu husomwa na mmoja mmoja. Utenzi husikiwa na kijiji.

Nilianza hivi:

Mto ule wafurika,
Daraja limevunjika,
Vijana wakauvuka,
usiku pasipo taa.

Sijivuni, lakini ubeti huo unakwenda. Una mto, una daraja, una giza. Una jeshi. Sasa tafuta baba mkubwa yuko wapi. Hayumo. Wamo "vijana". Utenzi unapenda wengi. Mtu mmoja anaupitia katikati ya vidole kama mchele. Ukitaka sifa za kombania nzima, au ukumbusho wa waliolala Kaboya kule Kagera ambako askari wetu wa vita ile walizikwa, huu ndio mlango wako. Ukitaka mtu, jiandae kupigana na umbo lenyewe.

Nilipigana nalo kwa mbuzi:

Mbuzi kafungwa mtini,
Analia uwanjani,
Wenyewe hawapo ndani,
nyumba tupu imekaa.

Jumapili moja nikampelekea. Nikamsomea taratibu, kwa ile sauti ya kughani tunayowafundisha watoto. Alitikisa kichwa kwa mapigo, akatabasamu penye mbuzi. Nilipomaliza akasema, "Vizuri sana, mama." Akanyamaza kidogo. "Lakini mimi sikusema hawapo."

Naomba msomaji wa Kiswahili anielewe aibu niliyoipata. "Hawapo ndani" sikuipata kwake. Niliipata kwenye kina. *Mtini, uwanjani*, nikahitaji *-ni*, nikaichukua iliyokuwa karibu, na ikaniletea uongo mzuri wenye mizani minane kamili. Na "nyumba tupu" ikaja kwa sababu nilihitaji *-aa*. Utenzi ulinifanya niape jambo nisilolijua. Hii ndiyo hatari yake, na sijaona vitabu vya kufundishia ushairi vikiitaja: kina kikikaza, ukweli ndio unaolegea.

Lakini hapohapo, bila uongo ule, baba mkubwa asingenisahihisha. Sauti ilinionyesha kimya. Kimya kile nisingethubutu kukiuliza. Kumbukumbu ya kaka alikuwa ameisomewa pia, akasema "sawasawa", kwa sababu haikusema lolote la kupingwa. Utenzi ulisema jambo, tena kwa sauti, tena mbele yake, na mtu mkweli hawezi kuacha jambo la uongo likae kwenye wimbo. Hakuniambia zaidi. Hakusema ni wangapi waliokuwemo, wala wakubwa au wadogo. Alisema hawapo si neno lake, akaomba nimsogezee mkaa.

Riwaya

Watu wa kwetu hukasirika ukiitaja. "Riwaya si ni ya kutunga? Vita ya mzee itungwe?" Kaka alisema hivyo kwa ukali kidogo. Naelewa. Lakini fikiri: mzee anabeba jambo ambalo hataki lijulikane kuwa ni lake, na hataki lipotee. Ni namna gani nyingine itakayombebea?

Nilimuuliza baba mkubwa kwa mzunguko, kama tunavyouliza. "Baba mkubwa, nikiandika hadithi ya askari, siyo wewe, wa mahali pengine, akaingia ile nyumba, itakuwa vibaya?" Akasema, "Huyo askari atokee Singida." Nikajua nimepewa ruhusa. Tena akaongeza, bila kuulizwa, kwamba huyo mtu wa Singida akifika mlangoni atasikia kwanza harufu ya maharage yaliyoungua. Maharage! Saa sita za rekodi, kurasa arobaini za kaka, hakuna maharage. Alipokuwa yeye, palikuwa na mbuzi tu. Alipokuwa mtu wa Singida, jikoni pakafunguka.

Faida ya riwaya ndiyo hiyo: inampa mzee mtu wa kumtuma. Na inaweza kufanya lile ambalo sauti ya ukoo imeshindwa, kumpa uhai hata yule wa upande wa pili, askari wa Amin aliyepita kijiji kile kabla, au mwenye mbuzi. Mwenye mbuzi alikuwa na jina. Ndugu zake wapo Kagera mpaka leo. Ukiandika kumbukumbu utamwita "raia". Riwaya itakudai umpe mkono, na kitenge, na sababu ya kumfunga mbuzi mtini asubuhi ile badala ya kumwachia.

Hasara yake ni tatu. Kwanza muda: nina sura mbili, na mwaka umekwisha. Pili, baada ya miaka 50 hakuna atakayejua ni kipande kipi kilitokea. Mtafiti wa historia hataigusa, na atakuwa na haki. Tatu, si kila mtu anaweza. Utenzi mbovu unachekesha, kumbukumbu mbovu inachosha, ila riwaya mbovu ya vita inatukana waliokufa, maana mwandishi akiishiwa anaongeza damu. Nimesoma miswada ya wanafunzi wangu, mabomu kila ukurasa, hakuna mtu hata mmoja mwenye njaa.

Kwa mwenye kipaji, mlango wa nje nao upo: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hupokea riwaya na ushairi. Lakini usimwandike babu yako kwa ajili ya tuzo. Itaonekana.

Sasa mchague

Kama mzee ana kikohozi, anasahau majina ya wajukuu, au hospitali imekwisha kuzoeleka: rekodi kesho asubuhi. Msikae kikao kingine. Hayo mengine yote yanaweza kuandikwa na mtu aliyezaliwa baada ya mazishi, sauti haiwezi.

Kama ukoo una ugomvi, wa shamba au wa wake wawili, kumbukumbu ya kuandikwa itauchochea. Kila mtu atahesabu ametajwa mara ngapi. Hapo utenzi ni salama zaidi, kwa sababu unasifu wote na hauna nafasi ya kutosha ya kumsema mtu. Kama mnachotaka ni jina la mzee lijulikane shuleni na kanisani au msikitini, utenzi tena.

Kama mzee ni msemaji, mwenye tarehe, mwenye picha na medali kwenye kopo la biskuti, aliyeagana na vita yake kwa amani, basi kumbukumbu. Watu hao wapo. Jirani wa baba mkubwa ni mmoja wao. Ukimkuta kilabuni penye ulanzi anakupangia mapigano ya Lukaya kwa vizibo vya soda, na hakuna anachoficha. Kumtungia riwaya mtu huyo ni kupoteza karatasi.

Na kama mzee wenu ana hadithi moja ya kuchekesha anayoirudia miaka yote, neno kwa neno, isikilizeni tena mpaka mwisho. Nadhani mnaweza kuwa na mlango.

Sisi tumeishia hivi. Rekodi zipo nyumba tatu. Kijitabu cha kaka kimechapwa, nakala 30, na "jukumu tulilopewa" nimemshawishi alitoe. Mbuzi amepewa ukurasa mzima. Mtu wa Singida bado amesimama mlangoni, sijamwingiza.

Utenzi niliurudia. Niliutengeneza upya ubeti ule mmoja tu, nikampelekea baba mkubwa Jumapili iliyofuata, nikaogopa kuughani mbele ya watoto. Nikampa karatasi asome mwenyewe. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akavaa miwani:

Mbuzi kafungwa mtini,
Analia uwanjani,
Wenyewe wamo nyumbani,
nikafunga, sikukaa.

Alikaa nayo muda mrefu. Nikaona kidole gumba kinagusa vidole vingine kimoja kimoja, anahesabu mizani, kipande kwa kipande, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa darasa la nne. Alipofika mwisho akasema, "Imetimia." Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, lile la video.